Jino Lililozibwa Linapouma Tena



Katika mikutano ya matawi, tukimaliza mambo ya mishahara na viatu vya kazi, na mwenyekiti akiuliza kama kuna mengineyo, mara nyingi husimama mtu mwenye shavu lililovimba. Malalamiko yake tumeyasikia katika mashamba ya miwa upande wa Busoga, tumeyasikia katika chai ya Toro, na katika viwanda vya Jinja na Kampala pia. Alikwenda kuziba jino, alikatwa siku ya kazi, alilipa fedha zake, na sasa kabla ya mwaka kuisha ile dawa imetoka na jino linauma kuliko mwanzo. Neno linalofuata huwa ni lile lile: "Daktari aliniibia. Afadhali ningeling'oa mapema."

Na kweli huling'oa. Ndiyo sababu tumeamua kulieleza jambo hili hapa. Gego moja likitoka, lile linalolielekea halina tena la kusagia nalo, na mtu huhamia upande wa pili, akauchosha nao. Wako wenzetu ambao hawajafika miaka 40 na tayari hawawezi kula nyama wala mahindi ya kuchoma. Mtu anayekata miwa tangu alfajiri kwa nguvu ya ugali na maharage anahitaji meno yake kama anavyohitaji panga lake.

Sisi hatukusoma udaktari. Haya tumeyapata kwa kuuliza na kuuliza tena kwa madaktari na maofisa wa meno waliokubali kutueleza kwa lugha ya watu, na tulipoona hatujaelewa tulirudi.

Kwanza lazima tukubaliane kwamba jino ni kitu hai. Gamba lake la nje ni gumu kuliko mfupa. Chini ya gamba iko sehemu ya rangi ya manjano, laini kidogo, yenye vijitundu vyembamba visivyoonekana kwa macho. Katikati kabisa kipo kiini, chenye damu na mshipa wa fahamu, nacho hushuka mpaka ncha ya mzizi ndani ya taya. Hakuna funza humo. Wazee walisema funza, na wako waganga ambao hata leo wanadai kuwatoa, lakini wanaoozesha jino ni vijidudu vidogo mno vinavyokaa katika ule utando mweupe unaoganda juu ya meno. Mtu akila kitu cha sukari, navyo hula, kisha hutoa tindikali, na hiyo tindikali ndiyo inayolainisha gamba. Mate huisafisha, ila yanahitaji nafasi, nusu saa na zaidi. Kwa hiyo hesabu haiko katika wingi wa sukari peke yake, iko hasa katika mara ngapi. Anayekunywa chai tamu pamoja na chakula kisha akanyamaza ana nafuu kuliko yule anayetafuna kipande cha muwa asubuhi, kingine saa nne, kingine akisubiri trekta. Meno ya huyu wa pili yanashinda ndani ya tindikali mchana kutwa. Hili hatulisemi kwa kumlaumu mkata miwa mwenye njaa. Twalisema kwa sababu litarudi tutakapofika kwenye kiraka.

KIRAKA NA KITAMBAA

Kuziba jino ni kutia kiraka. Fundi cherehani anajua kwamba kiraka kipya kikishonwa juu ya kitambaa kilichochakaa, kiraka hubaki kizima, na kitambaa ndicho huchanika pembeni yake. Kwa meno ni vivyo hivyo mara nyingi. Tulitazamia kuambiwa kwamba dawa zenyewe ni mbovu. Tuliambiwa kwamba sababu mbili zinazoongoza ni kuoza upya kwenye ukingo wa kiraka, na kuvunjika, ama kwa kiraka ama kwa jino lenyewe.

Kuoza upya kunakuja hivi. Ukingo pale kiraka kinapokutana na jino ni mahali pa kukusanya utando na mabaki ya chakula. Kama mswaki haufiki hapo, na kama ule muwa wa saa nne unaendelea, vijidudu vinaanza kazi upya kama vile hakuna lililofanyika. Daktari aliondoa uozo, hakuondoa sababu ya uozo. Mwenye jino asipoambiwa hivyo ataona ameuziwa dawa mbovu, nasi hatuwezi kumlaumu, maana katika kliniki nyingi mgonjwa hukaa katika kiti dakika chache na hakuna anayemweleza lolote.

Tena aina za viraka hazilingani. Kile cha rangi ya fedha, amalgamu, ni zebaki iliyochanganywa na unga wa fedha, bati na shaba, na zebaki ni kama nusu ya uzito wake. Chenyewe hakina gundi. Kinashikwa na umbo la tundu, ambalo huchongwa liwe pana kidogo chini kuliko mdomoni, kama chungu. Kinastahimili kutafuna miaka mingi. Lakini kwa kuwa tundu lilipanuliwa, kuta za jino zilizobaki huwa nyembamba, na siku moja chembe ya mchanga katika maharage inatosha kuupasua ukuta mmoja.

Kile cheupe kinachogandishwa kwa taa ya bluu, kompositi, hushikwa kwa gundi. Udhaifu wake ni kwamba kikiganda hunywea kidogo, na gundi yake haipatani na maji. Mate yakigusa jino wakati wa kazi, gundi hushika nusu nusu, na pembeni hubaki njia nyembamba kuliko unywele. Njia hiyo yatosha kwa vijidudu. Basi daktari anapokujaza pamba mdomoni na kukukataza kufunga kinywa, usikasirike, analinda fedha zako.

Cha tatu ni saruji ya kioo, ambayo wao huiita glasi ayonoma. Wilson na Kent wa Uingereza ndio walioitangaza mwaka 1972. Hiyo hushikamana na jino yenyewe, na hutoa floridi kidogo kidogo, nayo floridi hulisaidia jino kupambana na tindikali. Katika tundu dogo juu ya gego hukaa vizuri. Katika tundu kubwa linaloshuka mpaka ubavuni, kati ya jino na jino, huvunjika au kulika upesi zaidi. Na ukitoka kliniki ukaenda moja kwa moja kwenye mahindi ya kuchoma, umeivunja kabla haijakomaa. Daktari husema usile kwa saa moja, na mtu aliyetoka nyumbani bila kifungua kinywa husahau.

Yako mengine madogo ambayo hayana haja ya maelezo marefu. Kuna anayesaga meno usingizini asijue, mpaka mkewe amwambie. Kuna wanaofungua soda kwa meno, tena wengine wao ni viongozi wa matawi. Na kuna kiraka kilichoachwa kirefu mno. Huyu ganzi ikiisha anaona jino moja linagonga kabla ya mengine, na kila akiuma anasikia maumivu. Dawa yake ni kurudi. Daktari atampa auma karatasi ya rangi, kama ile kaboni ya karani, aone alama imekolea wapi, kisha apunguze kidogo. Ni kazi ya dakika chache, lakini tumewakuta watu waliovumilia miezi mitatu kwa kuogopa kukatwa siku nyingine.

Sababu ya mwisho ndiyo inayoleta ugomvi mwingi, nayo si kosa la kiraka hata kidogo. Jino lilizibwa wakati kiini chake kilikwisha anza kufa. Kiraka kikakaa vizuri kabisa, na chini yake jino likaendelea kuoza kwa ndani. Usiku wa tatu mtu halali. Hapa ndipo inapoonekana thamani ya daktari anayepima kwanza kabla ya kushika mashine.

ANAJUAJE?

Wengi wetu hufikiri daktari wa meno anatazama tundu, basi, amemaliza. Lakini jino lenye tundu kubwa laweza kuwa silo linalouma. Maumivu ya meno ni mwongo mkubwa. Gego la chini laweza kumfanya mtu aape kwamba ni la juu, au kwamba ni sikio. Hayavuki tu katikati ya uso kwenda upande wa pili. Na mafua makali yakijaza ile nafasi wazi iliyomo ndani ya mfupa wa shavu, magego ya juu yote ya upande huo huuma kwa pamoja, hasa mtu akiinama kufunga mzigo. Wako waliong'olewa jino zima kabisa kwa sababu ya mafua.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni maswali, na majibu yetu ndiyo yanayomwongoza. Maji baridi yanauma, lakini yakiondoka na maumivu yanaondoka mara moja? Hapo kiini kingali hai na chaweza kupona kikizibwa vizuri. Maumivu yanabaki dakika nyingi baada ya baridi kuondoka, chai ya moto inayachochea, na usiku yanaanza yenyewe bila kuguswa? Kiini hicho hakiponi tena. Kuziba juu yake ni kufunga mlango moto ukiwa ndani, na yabaki mawili tu, kutibu mzizi au kung'oa. Na yule anayesema, "Liliuma wiki mbili, sasa limenyamaza lenyewe," daktari humwangalia kwa makini zaidi, maana mshipa ukifa maumivu hunyamaza, kisha usaha hukusanyika chini ya mzizi.

Baada ya maswali huja majaribio. Huweka pamba yenye baridi kali juu ya jino moja moja na kulinganisha na jirani zake, kwa sababu jino lililokufa halisikii baridi. Hugonga kwa mpini wa kifaa chake. Likiuma kwa kugongwa, ubaya umekwisha fika kwenye ncha ya mzizi. Huingiza kijiti chembamba chenye alama kati ya ufizi na jino kupima kina, maana wakati mwingine ni ufizi unaougua na jino halina kosa. Hubonyeza ufizi kutafuta jipu. Ndipo huja eksirei. Katika picha hiyo uozo na usaha wa zamani huonekana kama kivuli cheusi, na kiraka cha madini huonekana cheupe. Lakini eksirei nayo ina mipaka yake. Jipu la siku mbili laweza lisionekane, kwa sababu mfupa bado haujaliwa, na ufa wa jino hauonekani mara nyingi.

Kuhusu ufa, mwenzetu mmoja wa kiwanda cha chai alizibwa gego moja mara tatu katika kliniki moja ya mjini. Kila mara walitoa kiraka na kutia kingine, na kila mara alilipa. Kiraka hakikuwa na ubaya wowote. Mwishowe alifika kwa ofisa wa meno aliyempa kijiti auma kwa pembe moja ya gego, kisha pembe nyingine, na kumwuliza swali moja: linauma ukibana au ukiachia? Alisema ukiachia. Hiyo ni alama ya jino lenye ufa, pande mbili hufunguka na kufunga kama kitabu. Kijiti hicho hakina bei. Kilichokosekana katika zile safari tatu ni mtu wa kuuliza.

Hapa tuseme na jambo la dawa. Zahanati za mashamba hutoa vidonge vya kuua vijidudu kwa kila jino linalouma, na mtu hurudi shambani siku hiyo hiyo. Vidonge hivyo haviponyi kiini kinachouma, kwani uozo ungali palepale. Vina kazi yake pale uvimbe unaposambaa au homa inapopanda, tena pamoja na kulitibu jino lenyewe. Uvimbe ukishuka chini ya taya, mtu akashindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua sawasawa, huyo asingoje zamu iishe wala ruhusa ya nyapara. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata usiku, maana watu hufa kwa hilo. Wala msiweke maji ya betri katika tundu. Tumewaona wanaofanya hivyo, na tumeona midomo yao ilivyoungua.

MENO NA KAZI

Kuna meno yanayoharibiwa na kazi yenyewe, na hayo ni haki yetu kuyadai. Katika viwanda vya betri za magari, ukungu wa tindikali ya salfa unaopanda wakati wa kuchaji hula meno ya mbele, hasa ya chini, mpaka yanakuwa mafupi na membamba. Kama mtu alikuwa na kiraka, jino huliwa nacho kikabaki kimesimama juu, mfano wa kisiki katika shamba lililomomonyoka. Daktari akiona hivyo lazima aulize, "Unafanya kazi gani?" Asipouliza mwambie mwenyewe, na umwombe aandike. Magonjwa yanayoletwa na tindikali za madini yamo katika orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2010. Wala si meno tu: tangu 1992 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeuweka ukungu huo katika kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Meno yaliyoliwa ni ushahidi kwamba hewa ya kiwanda ni mbaya. Kwa waokaji na wapakiaji wa peremende, vumbi la sukari na unga nalo hukaa juu ya meno zamu nzima, na hao huoza hasa karibu na fizi za mbele.

Waajiri wametuambia mara nyingi kwamba zahanati ya shamba haiwezi kuziba meno kwa sababu hakuna umeme wala mashine, ndiyo maana kuna koleo tu. Jibu la hoja hiyo lilipatikana jirani yetu, Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya madaktari wa meno Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono peke yake na kuziba kwa saruji, bila mashine ya kuchimba, mara nyingi hata bila sindano ya ganzi. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipokuwa ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa nchi zote, na mwaka 2021 saruji ya kioo iliingia katika orodha yake ya dawa muhimu. Haifai kwa kila jino. Kwa tundu kubwa la pande mbili viraka vyake hutoka mapema, kama tulivyokwisha sema. Lakini kwa tundu dogo ni kiraka cha kweli, na kinaweza kutiwa juu ya benchi ya zahanati iliyo katikati ya miwa, mradi awepo mtu aliyefundishwa.

Wanachama wengi wametuuliza juu ya zebaki. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioanza kufanya kazi mwaka 2017, unataka matumizi yake yapunguzwe, na Novemba 2025 nchi zilizokutana Geneva zilikubaliana amalgamu ikome ifikapo 2034. Kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isitiwe ila pale daktari anapoona ni lazima. Mwenye kiraka cha zamani kilicho kizima asikimbilie kukitoa. Kukichimba ndiko kunakotoa mvuke mwingi zaidi kuliko kukiacha.

Sasa lililo mbele yetu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi aliyetimiza angalau mwezi mmoja mfululizo kazini haki ya mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa, akimwarifu mwajiri mapema iwezekanavyo, na akileta cheti cha daktari kama akitakiwa. Ugonjwa wa jino ni ugonjwa. Wawakilishi wengi hawaleti madai haya kwa sababu mgonjwa mwenyewe hakuchukua karatasi, alichukua vidonge. Karatasi iandikwe jino gani, limepatikana na nini, na lini arudi.

Katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja wa shamba moja la chai tulidai mambo matatu: kuziba kuhesabiwe katika matibabu sawa na kung'oa, safari ya kurudi kwa daktari isihesabiwe utoro, na mwajiri alipie eksirei pale ofisa wa meno anapoiandika. La pili meneja alilikubali kikao kile kile. La kwanza alilikubali kwa magego tu, akasema meno ya mbele ni urembo, na karani wetu aliliandika neno hilo katika kumbukumbu kama lilivyotamkwa. La eksirei amelikataa, kwa hoja kwamba hajaonyeshwa ni wagonjwa wangapi walioihitaji. Matawi yote ya chai yatuletee nakala za karatasi za daktari, majina yakiwa yamefutwa, kabla ya kikao kijacho.